Usikubali Kiti: Mwongozo Kamili wa Mbio za Mizunguko za Saa 6, 12 na 24 kwa Wakimbiaji wa Moshi na Arusha

Sisi wa Moshi na Arusha tumezoea mbio zenye utepe. Kilimanjaro Marathon inakimbiwa Moshi tangu 2003, na kila mwaka kati ya Februari na Machi watu hupanga foleni kuchukua namba wakijua kabisa ni kilomita ngapi zinawasubiri. Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo kwa kumpita Amanal Petros wa Ujerumani utepeni penyewe, tofauti yao ikiwa sehemu 3 za mia za sekunde. Umbali unajulikana, na kinachotafutwa ni nani atawahi.

Mbio za muda zimegeuza jambo hilo. Kilichopangwa ni saa: 6, 12 au 24. Mnazunguka njia moja ya msituni au ya mashambani, pengine kilomita 3, pengine 5 au 7, na filimbi ya mwisho ikilia ndipo kila mmoja anahesabiwa amefikisha umbali gani. Wote mnamaliza dakika ileile. Mama wa miaka 60 anayetembea na kijana anayewania ushindi wanapishana njiani kutwa nzima, wanasalimiana, wanapeana pole, na ubao wa matokeo ukisomwa kila mmoja ana kilomita zake halali.

Kwa sababu unazunguka, kila baada ya nusu saa au saa moja unapita mbele ya meza yako. Pale pana maji, chakula, nguo kavu, ndugu zako, na kivuli. Baada ya kushiriki mara kadhaa nimeamini kwamba mbio hizi huamuliwa pale mezani kuliko milimani. Kwa hiyo nitalizungumzia suala la meza kwa kirefu, na mengine nitayapitia kwa kadiri yanavyostahili.

1. Jua umejiandikisha nini

Usilipe ada kabla ya kusoma kanuni. Kuna maswali manne ambayo majibu yake yanabadilisha mpango wako wote.

La kwanza: mzunguko usiokamilika unahesabiwa? Kuna mbio ambazo mizunguko kamili tu ndiyo inaandikwa, na filimbi ikikukuta katikati ya njia, kipande hicho kimepotea. Kwingine unapewa kibendera chenye namba yako katika dakika za mwisho, unakiweka chini pale filimbi inapokukuta, na mwamuzi anakuja kupima. Kwingine tena, saa ya mwisho hufunguliwa kijia kifupi ili watu waongeze mita mia mia.

La pili: msaidizi wako anaruhusiwa wapi? Mara nyingi ni eneo la kambi peke yake. Akikupa maji katikati ya msitu unaweza kufutwa.

La tatu: mwelekeo unabaki uleule au unageuzwa baada ya saa kadhaa? Ukigeuzwa, mteremko uliokuwa unakupumzisha unakuwa mlima.

La nne: ukilazimika kutoka njiani, kwa mfano kwenda chooni, unarudi wapi? Kawaida unarudi palepale ulipotokea. Kuingilia mbele yake, hata kwa hatua 20, ni kukata njia.

Usichanganye mbio hizi na binamu yake, zile za "mtu wa mwisho kubaki". Hizo zilibuniwa na Mmarekani Gary Cantrell, anayejulikana zaidi kama Lazarus Lake, kwenye shamba lake huko Tennessee. Kila saa inapoanza, wote mnaondoka pamoja kukimbia kilomita 6.706, na asiyekuwa kwenye mstari saa inayofuata ikigonga ametoka. Umbali huo ulichaguliwa ili saa 24 zitimize maili 100, yaani kilomita 161 hivi. Mwaka 2023 mkimbiaji Mmarekani Harvey Lewis alizunguka mara 108, siku nne na nusu bila usiku hata mmoja wa kulala kitandani. Kule ukiwahi kufika unapata dakika za kukaa. Kwenye mbio za muda hakuna dakika ya bure: ukikaa, saa inakula kilomita zako.

2. Chagua saa kwa unyenyekevu

Kama umewahi kumaliza nusu marathoni bila kuumia, saa 6 zinakufaa. Umekimbia marathoni kamili na una mwaka mzima wa mazoezi, jaribu 12. Zile 24 ziache mpaka uwe umeonja 12 angalau mara moja, kwa sababu huku kwetu karibu na ikweta usiku ni nusu ya siku mwezi wowote ule. Jua likizama kama saa 12 na nusu jioni una karibu saa 12 za giza mbele yako.

Rekodi ya dunia ya saa 24 ni kilomita 319.614, iliyowekwa na Aleksandr Sorokin wa Lithuania kule Verona, Italia, mwaka 2022. Hiyo ni dakika 4 na nusu kwa kila kilomita, mchana na usiku, barabarani. Kabla yake Mgiriki Yiannis Kouros alikuwa na 303.506, ya mwaka 1997, na ilidumu zaidi ya miaka 20. Nazitaja kwa heshima. Kwenye njia yenye mizizi, tope na vilima, mkimbiaji wa kawaida aliyejiandaa anayefikisha kilomita 45 kwa saa 6, au 65 hadi 75 kwa saa 12, amefanya kazi kubwa.

Tazama pia mlima uliomo ndani ya mzunguko. Njia ya kilomita 5 yenye mpando wa mita 80 inaonekana laini. Izunguke mara 14, umepanda mita 1,120, ambazo ni karibu sawa na kutoka Moshi mjini hadi lango la Marangu.

Upime presha na sukari kituo cha afya kabla ya kuanza maandalizi, hasa ukiwa umevuka miaka 40. Ukiwa umetoka kuugua malaria wiki hizo, ahirisha. Mbio zitakuja tena.

3. Wiki 12 za maandalizi

Siku nne au tano za kukimbia kwa wiki zinatosha, jumla ya kilomita 40 hadi 55. Cha lazima ni siku mbili zinazofuatana: Jumamosi saa 3 hadi 4 polepole, Jumapili saa 2 ukiwa na uchovu wa jana. Miguu iliyochoka ndiyo utakayokimbia nayo muda mwingi, basi ifundishe mapema.

Jifunze kutembea. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu vijana wengi huona kutembea ni kushindwa. Anayetembea mlima kwa hatua za haraka, mikono ikifanya kazi, anapoteza sekunde chache tu kwa anayejikaza kukimbia, na mapigo ya moyo yanabaki chini. Wagumu wanaobeba mizigo Kilimanjaro wanalijua hili kuliko kocha yeyote. "Polepole" wanayomwimbia mgeni kutoka langoni hadi kambini ni elimu kamili ya mwendo. Weka siku moja kwa wiki ya kupanda kwa kutembea tu, saa nzima: barabara za Kibosho, njia za Materuni kati ya migomba na kahawa, au kwa wa Arusha, miinuko ya juu ya Ilboru na Sakina kuelekea msitu wa Meru.

Kwa njia ya msituni iliyo karibu na mji, wa Moshi wana Msitu wa Rau, wenye mivule mikubwa ajabu na mbega juu ya matawi. Kuna ada ya kuingia. Ilipe, kwa sababu ndiyo inayowapa wanakijiji sababu ya kuulinda. Wa Arusha wana msitu unaolizunguka Ziwa Duluti, pale Tengeru, wenye kivuli na mizizi ya kutosha kukufundisha kuinua miguu.

Wiki ya 6 na ya 9 fanya ninachokiita zoezi la meza. Tafuta kijia cha kilomita 3 au 4, weka meza au boksi mwanzoni, na uzunguke saa 4 mfululizo ukila na kunywa vilevile kama siku ya mbio. Hapo utajua tumbo lako linakataa nini. Pia utajua jinsi kuondoka mezani kunavyokuwa kugumu kuanzia mzunguko wa 5.

Kukimbia usiku fanya kwa kikundi. Vikundi vya jogingi viko kila mtaa siku hizi, na wengi huanza saa 11 alfajiri, giza likiwa bado. Mwanamke asikubali kwenda peke yake msituni gizani kwa ajili ya zoezi lolote. Bodaboda zisizo na taa na mbwa wa mashambani ni hatari za kweli, na fimbo nyepesi mkononi husaidia.

Wiki 2 za mwisho punguza nusu. Ulichokosa kufanya mpaka hapo hakiwezi kulipwa kwa siku 10.

4. Viatu na vitu vingine

Raba nzuri za njia za vumbi zinapatikana mitumbani kwa anayejua kuchagua: Memorial kwa Moshi, Kilombero na Krokoni kwa Arusha. Geuza kiatu uone meno ya soli. Bonyeza soli kwa kidole gumba upande wa kisigino. Kama haibonyei hata kidogo, sponji yake imekufa na magoti yako yatalipa. Chukua nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, maana baada ya saa 6 mguu unavimba. Ukiweza uwe na pea mbili, na ya pili iwe kubwa kidogo.

Tochi ya kichwani kodisha kama huna. Maduka yanayokodisha vifaa vya kupandia mlima, Moshi na Arusha, wanazo, na bei ya siku mbili ni ndogo kuliko kununua ya ovyo itakayozimika saa 8 usiku. Nunua betri mpya mwenyewe.

Mafuta ya mgando, kopo kubwa. Paka mapajani, kwapani, chini ya sidiria, kwenye chuchu kwa wanaume, na katikati ya vidole vya miguu, kabla hujaanza na kila baada ya saa 3. Mchubuko mdogo wa saa 4 asubuhi ni kidonda cha saa 10 jioni. Soksi pea nne, plasta, sindano safi, kofia, leso ya kufunika pua wakati wa vumbi. Vumbi la udongo wetu wa volkano ni jembamba na linaingia kila mahali. Miezi ya kiangazi kifua kitakukumbusha. Mbio zikiwa Juni au Julai upande wa Arusha, beba sweta na glovu, kwa kuwa baridi ya alfajiri pale chini ya Meru si ya mchezo. Zikiangukia karibu na masika, kubali tope na ubebe soksi zaidi.

5. Meza

Mgeni akiingia nyumbani kwetu, neno la kwanza ni "pole na safari, karibu kiti". Ni adabu nzuri na sitaki tuiache. Lakini siku ya mbio za muda ndilo neno linaloondoa watu wengi njiani kuliko jua, mlima na tumbo kwa pamoja.

Mara yangu ya kwanza kukimbia saa 12, mama mdogo alikuja kunisaidia. Nilipomaliza mzunguko wa 9 nilifika mezani nimechoka sana. Akanitazama usoni. "Mwanangu, pole. Kaa kwanza upumue." Akanifunika kanga mabegani, akanipa chai ya tangawizi. Nikakaa. Nilipoinuka zilikuwa zimepita dakika 50, jasho limekauka, magoti yamekaza kama yamepigwa misumari. Nilimaliza na mizunguko 11 ya kilomita 5. Mama mdogo hakukosea chochote. Alifanya alivyofundishwa na mama yake, na mimi ndiye niliyekuwa sijamweleza.

Mwaka uliofuata tulikaa naye jikoni usiku wa kuamkia mbio. Nikamwambia, "Mama, kesho naomba usinipe kiti. Ukiniona nimechoka, nipe kikombe mkononi, unisindikize." Akaelewa papo hapo, kwa sababu kusindikiza mgeni nako ni adabu yetu. Siku nzima nilipofika alikuwa amesimama na kikombe, tukatembea pamoja hatua 40 hadi mwisho wa eneo la kambi, nikamrudishia kikombe kitupu, nikaendelea. Nilizunguka mara 13. Mazoezi yalikuwa yaleyale ya mwaka uliotangulia.

Hesabu yake ni hii. Chukua saa 12, mizunguko 14 ya kilomita 5, yaani kilomita 70. Utapita mezani mara 13 kabla ya mzunguko wa mwisho. Ukisimama dakika 5 kila mara, umetumia dakika 65, na ili ufikishe 70 lazima uende kwa dakika 9 na sekunde 21 kwa kilomita. Ukisimama dakika 2, umetumia 26 tu, na unaruhusiwa kwenda kwa dakika 9 na sekunde 54. Zaidi ya nusu dakika ya nafuu kwa kila kilomita, kilomita zote 70, na hujaongeza hata tone la nguvu. Hakuna mazoezi ya wiki 12 yatakayokupa zawadi kama hiyo.

Basi panga meza hivi.

Usilete kiti. Leta ndoo ya lita 20 na uigeuze juu chini. Ndoo inakutosha kubadilisha soksi, lakini haina mgongo wa kuegemea, na haikubembelezi. Kigoda hakifai kwa sababu ni kifupi. Kuinuka kutoka chini na mapaja yaliyochoka ni adhabu. Meza iwe upande wa njia, usilazimike kutoka hata mita 10 kuifuata. Kivuli kiwe cha msaidizi na cha chakula.

Vitu vigawanywe kwenye mifuko midogo au makopo, kila kimoja kimeandikwa kwa kalamu nene: CHAKULA, MIGUU, USIKU, BARIDI. Usiku wa manane akili haitafuti, inaona tu kilicho mbele. Dumu la maji, vikombe, taulo yenye unyevu, mfuko wa taka.

Msaidizi mmoja kwa saa 6 anatosha. Kwa saa 24 uwe na wawili wanaopokezana, na wao wale vizuri na walale. Wape kanuni tatu. Wasiulize "Unataka nini?", kwa sababu mtu aliyechoka hajui, waseme "Shika uji huu." Wasikuambie umebakiza saa ngapi mpaka uulize mwenyewe. Na wasikukubalie kuacha ukiwa umesimama mezani: wakujibu, "Sawa dada, zunguka mara moja kwanza, ukirudi tutaongea." Mara nyingi sana ukirudi umeshasahau. Isipokuwa dalili za hatari nitakazozitaja chini. Hizo hazina mjadala.

Na ukifika mezani fanya mambo matatu kwa mpangilio uleule kila mara: toa ulichobeba kisichohitajika, chukua kilichoandaliwa, ondoka. Kula ukiwa unatembea. Nimeandika maneno hayo matatu kwenye kipande cha boksi, TOA CHUKUA ONDOKA, na ninakisimamisha mezani.

6. Kula na kunywa

Anza kula dakika ya 30, kabla ya njaa. Lenga gramu 40 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama 25. Soda ya chupa ya kioo ina sukari zaidi ya gramu 35. Viazi mviringo vilivyochemshwa na kuchovywa kwenye chumvi, viazi vitamu, tende, kashata, mkate wenye jamu, tikiti maji na machungwa wakati wa joto: vyote hivi tumbo la wengi linavipokea. Chipsi na nyama choma ziache hadi jioni ya mwisho. Uji mwepesi wa ulezi hupita hata tumbo likigoma, na kwa wa Kilimanjaro hakuna kitu kinachorudisha uhai saa 8 usiku kama mtori wa moto uliozimuliwa kidogo. Ujaribu mazoezini kwanza, usiwe na mafuta mengi.

Kunywa kwa kiu. Watu wanaogopa kukauka, lakini maji matupu kupita kiasi ni hatari vilevile, kwa sababu yanazimua chumvi ya damu. Vidole vikivimba, pete ikibana, kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija huku unakunywa lita kwa lita, acha maji na umwone mhudumu wa afya mara moja. Pakiti ya ORS changanya kwenye lita moja kamili kama ilivyoandikwa. Kuikoleza zaidi kunavuruga tumbo. Mimi hubadilishana: mzunguko mmoja maji, mwingine ORS, mwingine soda iliyotolewa gesi.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usizimeze wakati wa mbio. Mwili ukiwa umekaukiwa na misuli imechoka, figo zinakuwa na kazi nzito tayari, na dawa hizi zinapunguza damu inayozifikia.

Kahawa tunayo bora mlangoni kwetu. Isubirishe hadi usiku, itafanya kazi mara mbili.

7. Mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho

Fika saa moja na nusu kabla. Panga meza, nenda chooni, tembea mita 300 za mwanzo na za mwisho za njia. Filimbi ikilia, kaa nyuma. Wengi wataondoka kama wanakimbilia daladala. Waache, utawasalimia mchana.

Mzunguko wa kwanza una kazi moja tu, kuchagua alama. Hapa penye mwembe naanza kutembea, pale kwenye daraja la mfereji naanza kukimbia tena, kwenye jiwe jeupe nakunywa. Tembea kwenye alama hizo tangu mara ya kwanza, ukiwa bado una nguvu. Ndiyo faida kubwa ya mizunguko: njia inakuwa kama ya kwenda nyumbani, miguu inajua mizizi ilipo, na uamuzi umeshafanyika. Anayesubiri achoke ndipo aanze kutembea, hutembea hadi jioni.

Wepesi watakupita mara nyingi. Sogea upande uliotajwa kwenye kanuni, wape neno. Kama ni lazima usikilize muziki, acha sikio moja wazi. Usitupe hata ganda la tende msituni.

Joto la Moshi kati ya saa 6 na saa 10 mchana ni la kuheshimu. Punguza mwendo kwa makusudi, lowesha kofia na leso kila unapopita mezani, na usijilinganishe na mizunguko ya asubuhi. Jua likilegea, mwendo hurudi wenyewe kwa aliyejitunza. Anayetoka Dar es Salaam kuja Arusha akumbuke mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Pumzi itakuwa fupi mlimani, asishtuke.

Ukihisi moto sehemu moja ya unyayo, simama hapohapo. Hii ndiyo sababu pekee inayonifanya nikae kwenye ndoo bila kuangalia saa. Vua, futa mchanga, bandika plasta, badili soksi. Lengelenge lililojaa toboa pembeni kwa sindano safi, kamua, funika, acha ngozi yake.

8. Usiku, kwa wa saa 24

Vaa tochi na nguo kavu nusu saa kabla ya giza, jua likiwa bado linakuruhusu kuona unachofanya. Kati ya saa 8 na saa 11 usiku mwili utakuambia kila kitu kimekwisha. Ni saa za mwili, hazihusiani na nguvu ulizobakiza. Tafuta mwenzako wa mwendo wako, hata kama hamjuani, mzunguke pamoja mkiongea. Mimi nimejua historia za familia za watu ambao sura zao niliziona asubuhi.

Usingizi ukikushinda hadi unayumba, lala dakika 15 hadi 20, umejifunika, msaidizi ameshika saa. Zaidi ya hapo mwili unapoa na kuinuka kunakuwa vita. Kisha ndege wakianza kuimba, Kibo ikitokea upande mmoja au Meru ikianza kuonekana, utashangaa miguu inakimbia tena bila kuombwa.

Dalili za kuacha bila kujadiliana: kifua kubana, kuchanganyikiwa au kusahau jina la msaidizi, kutapika kusikokoma, mkojo wa rangi ya kahawa, maumivu ya mfupa yanayozidi kila hatua. Msaidizi ndiye mwenye uamuzi hapo. Mpe mamlaka hayo kabla ya kuanza, mbele ya mwenzake.

9. Saa ya mwisho

Piga hesabu ikiwa imebaki saa moja na nusu. Kama mizunguko kamili tu ndiyo inahesabiwa, na wako unachukua dakika 50, ukipita mezani zikiwa zimebaki 48, huo ni mzunguko wa kupigania: acha chupa, acha kila kitu, kimbia. Zikiwa zimebaki 35 na hakuna kijia kifupi, umemaliza kwa heshima. Ndiyo maana kila dakika 3 ulizookoa mezani asubuhi zinakutafuta sasa. Nimeona watu wawili wenye mwendo uleule wakitenganishwa na mzunguko mzima kwa dakika 2.

10. Baada ya filimbi

Usianguke kwenye nyasi. Tembea taratibu dakika 10, vaa nguo kavu, kunywa kitu cha moto, kula wali au ndizi na supu ndani ya saa moja. Sasa kiti unakaribishwa. Usiendeshe gari wala pikipiki kurudi nyumbani; mpangie mtu mapema. Siku mbili zinazofuata angalia mkojo: ukiwa mweusi kama soda, au ukikosekana kabisa, nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaeleze umekimbia saa ngapi. Kucha zikigeuka nyeusi ziache, zitatoka zenyewe. Wiki nzima tembea tu, na ya pili anza na dakika 20.

Siku ya tatu, kumbukumbu ikiwa bado safi, chukua daftari uandike muda wa kila mzunguko na dakika ulizosimama mezani, mstari mmoja kwa kila mzunguko. Msaidizi akiwa amekuandikia siku yenyewe, bora zaidi. Mama mdogo huandika nyuma ya kalenda. Jumlisha safu ile ya pili. Mwaka wa kwanza yangu ilikuwa dakika 117. Mwaka wa pili ilikuwa 31.